Tiba ya saratani ya njia ya haja kubwa ipo, lakini mgonjwa wa Garsen ataifikiaje?

SARATANI ya njia ya haja kubwa si ugonjwa unaozungumziwa barazani. Mtu wa Garsen anayetokwa na damu aendapo msalani huenda akamwambia mkewe, na huenda asimwambie. Atatafuta dawa ya bawasiri kimyakimya, atakunywa mitishamba aliyoelekezwa na jirani, na miezi itapita. Afikapo hospitalini, kivimbe kilichokuwa kama punje ya kunde kimekua hata hawezi kuketi.

Hali hii inasikitisha zaidi ukizingatia kwamba saratani hii ni mojawapo ya zile chache ambazo, zikigunduliwa mapema, mara nyingi hupona bila mgonjwa kupasuliwa. Aidha, tangu mwanzoni mwa muongo huu mitambo ya serikali ya tiba ya mionzi haiko Nairobi pekee. Iko Mombasa, katika Hospitali Kuu ya Pwani, na iko Garissa. Kwa mwenyeji wa Tana River hilo ni badiliko kubwa, maana kwa miaka mingi Hospitali Kuu ya Kenyatta ndiyo iliyokuwa tegemeo la pekee la mionzi katika sekta ya umma, na wagonjwa wa nchi nzima walipanga foleni ya miezi mingi mbele yake.

Swali basi si kama tiba ipo. Swali ni kwa nini mgonjwa wa Idsowe, Tarasaa au Kipini bado anaweza kufa kwa ugonjwa ambao tiba yake inajulikana kwa zaidi ya miaka 50.

Ni kweli kwamba maradhi haya ni nadra. Duniani huwapata watu wasiozidi wawili katika kila watu 100,000 kwa mwaka. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilikadiria kwamba Kenya ilipata wagonjwa wapya 44,726 wa saratani za kila aina mwaka 2022, na vifo 29,317. Matiti, mlango wa kizazi, tezi dume na umio ndizo zinazoongoza. Ugonjwa wetu huu umefichika mkiani mwa orodha hiyo, na pengine ndiyo sababu hauna kampeni wala utepe wa rangi yake.

Lakini unadra wenyewe ni hatari. Muuguzi wa zahanati anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana nao, ilhali bawasiri huiona kila wiki. Dalili zinafanana mno: damu, mwasho, maumivu, kivimbe, choo kubadilika. Tofauti haionekani kwa kusikiliza maelezo tu. Hutambuliwa kwa kupima kwa kidole kilichovishwa glavu, kutazama ndani kwa kifaa kifupi chenye taa, na hatimaye kukata kipande kidogo cha nyama kikachunguzwe katika maabara.

Kipimo hicho cha kidole hakihitaji umeme, mtambo wala dawa ghali. Huchukua dakika moja. Hata hivyo ndicho kinachoepukwa zaidi, na wa kulaumiwa si mgonjwa peke yake. Mhudumu naye huona haya. Mwanamke wa Kiorma au wa Kipokomo anayekuta mhudumu wa kiume peke yake zamu ile atasema anaumwa tumbo, naye mhudumu atafurahi kuandika tumbo. Kwa namna hiyo wote wawili huhifadhi staha, na saratani hupewa nusu mwaka wa kukua.

Inafaa kukumbuka tiba hii ilikotoka. Hadi mwanzoni mwa miaka ya sabini, dawa ya saratani ya njia ya haja kubwa ilikuwa kisu. Daktari aliondoa njia yenyewe pamoja na puru, akaiziba, kisha akatoboa tundu tumboni ili choo kipitie huko na kukusanyika katika mfuko maishani mwote. Mwaka 1974 daktari wa upasuaji wa Detroit, Marekani, aitwaye Norman Nigro, alichapisha taarifa fupi iliyowashangaza wenzake. Aliwapa wagonjwa mionzi pamoja na dawa mbili za saratani, fluorourasili na mitomisini, akikusudia kupunguza uvimbe kabla ya kuwapasua. Walipopasuliwa, baadhi yao hawakukutwa na saratani yoyote. Dawa na mionzi vilikuwa vimekwisha kufanya kazi.

Tangu hapo mambo yalithibitishwa kwa majaribio makubwa. Waingereza walilinganisha mionzi peke yake na mionzi iliyochanganywa na dawa, na katika matokeo waliyotoa mwaka 1996 mchanganyiko ulipunguza kwa karibu nusu hatari ya uvimbe kubaki au kurudi pale pale. Jaribio lao la pili, lililohusisha wagonjwa 940 na kuchapishwa mwaka 2013, lilionyesha kwamba takriban wagonjwa tisa kati ya kumi hawakuwa tena na uvimbe wiki 26 baada ya kuanza matibabu. Lilionyesha pia kwamba dawa ya sisplatini, ikitolewa pamoja na mionzi, ilifanya kazi sawa na mitomisini katika kipimo hicho.

Jambo hilo la mwisho si dogo kwetu. Fluorourasili na sisplatini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na hutumiwa kwa saratani nyingine nyingi zinazotibiwa nchini. Ipo pia kapesitabini, ambayo ni kidonge cha kumeza kinachoweza kuchukua nafasi ya fluorourasili inayotiliwa kwa mshipa. Kwa hivyo daktari ambaye dawa moja imemwishia ghalani hana sababu ya kukimbilia kisu.

Upasuaji haujatupwa. Kivimbe kidogo sana kilicho ukingoni mwa njia, kisichogusa misuli inayobana choo, chaweza kukatwa na mambo yakaisha. Na pale ambapo saratani imebaki au imerudi baada ya mionzi, ule upasuaji mkubwa wa zamani bado ndio tumaini. Cha kuzingatia ni kwamba daktari asiharakishe kuhukumu. Uvimbe huendelea kunywea kwa miezi kadhaa baada ya mionzi kumalizika, na ndiyo maana Waingereza walisubiri hadi wiki ya 26 ndipo watamke kama tiba imeshindwa. Mgonjwa anayekatwa wiki ya 11 huenda amekatwa bure.

Wale ambao saratani imeshasambaa hadi kwenye ini au mapafu hupewa dawa za kudhibiti, kwa kawaida kaboplatini na paklitakseli. Mwaka 2025 Marekani iliidhinisha retifanlimabu, dawa inayoamsha kinga ya mwili, itumike pamoja na hizo mbili. Bei ya dawa za jamii hiyo inajulikana, na sioni faida ya kumtia mgonjwa wa Garsen tamaa nazo kwa sasa.

Sasa tumchukue mama mmoja wa kuwaziwa tu, mwenye miaka 55, mkulima wa mpunga karibu na Ngao. Amepimwa, kipande cha nyama kimechunguzwa, na jibu limekuja: saratani, lakini haijasambaa. Kitabuni huyu ni mgonjwa mwenye bahati. Marekani, wagonjwa waliogunduliwa katika hatua hiyo, zaidi ya wanane kati ya kumi huwa hai miaka mitano baadaye.

Daktari anamwambia kwamba anahitaji mionzi mara 28, Jumatatu hadi Ijumaa, kila siku dakika chache. Hiyo ni wiki tano na nusu, pamoja na dawa. Mama anapiga hesabu yake, nayo haifanani na ya daktari.

Garsen iko katikati ya tiba mbili. Mombasa iko zaidi ya kilomita 200 kusini, kupitia Malindi. Garissa nayo iko zaidi ya kilomita 200 kaskazini, kupitia Hola. Hakuna awezaye kwenda na kurudi kila siku kwa dakika chache za mionzi. Ni lazima akae mjini kwa muda wa wiki sita, na kwa kuwa ngozi huungua, kuhara huja na nguvu hupungua, ni lazima awe na mtu wa kumwangalia. Hiyo ni nauli ya watu wawili, chakula cha watu wawili na chumba. Nyumbani shamba halina mtu, na ndege wa mpunga hawajui habari za saratani.

Bima hailipi hayo. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Ilipoanza, viwango vilivyotangazwa kwa saratani vilikuwa Sh400,000 kutoka mfuko wa bima na Sh150,000 kutoka mfuko wa maradhi sugu, yaani Sh550,000 kwa familia kwa mwaka. Viwango hivyo vilipingwa sana na wagonjwa, hasa wenye kuhitaji dawa za miaka mingi. Kwa saratani tunayoizungumzia, ambayo tiba yake ni ya wiki sita na yenye mwisho, kizingiti cha kwanza hakiko kwenye kiwango. Kiko kwenye kuandikishwa. Asiye na mshahara hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, usiopungua Sh3,600. Kwa mfugaji aliyepoteza ng'ombe katika ukame wa 2020 hadi 2023, fedha hizo hutafutwa siku ugonjwa unapobisha hodi, wala si kabla.

Hapo ndipo kishawishi cha kisu huingia. Upasuaji ni mara moja. Familia ikichangisha, harambee moja yatosha; mgonjwa atalazwa siku kadhaa na kurudi nyumbani. Mionzi ni mara 28. Ukimpa mzee wa familia mambo hayo mawili bila kumweleza zaidi, atachagua la kwanza, na huwezi kumwita mjinga. Tatizo ni kwamba atakuwa amechagua tiba iliyokwisha kupitwa na wakati kwa sababu ya nauli.

Na gharama ya kisu hulipwa baadaye. Mifuko ya kukusanyia choo tumboni hununuliwa daima. Isipopatikana watu hufunga vitambaa, na katika joto la Tana hilo ni adhabu. Kuna pia suala la ibada, ambalo madaktari hulisahau na wagonjwa Waislamu hawalisahau kamwe: je, mwenye mfuko tumboni ana udhu? Wanazuoni wa fiqhi wamekwisha kulijibu. Mtu asiyeweza kuzuia kinachomtoka ana udhuru, hutawadha kwa kila sala na sala yake husihi. Jibu hilo lingefaa litolewe na imamu kabla ya upasuaji, maana wapo watu ambao hujitenga na msikiti, kisha na watu, kwa kutolijua.

Mionzi nayo isipambwe. Kwa mwanamke ambaye bado anazaa huweza kukomesha uzazi na kuleta ukomo wa hedhi mapema, na huweza kufanya uke uwe mwembamba. Haya yanatakiwa kusemwa waziwazi kabla ya siku ya kwanza, kwa Kiswahili, Kiorma au Kipokomo, na mume akiwapo ikiwa mke ameridhia.

Kisha kuna mto. Msomaji wa Nairobi anaweza kudhani kwamba mafuriko ni habari ya kilimo na kambi za wakimbizi wa ndani. Katika tiba ya mionzi mafuriko ni habari ya hospitali. Kipindi cha tiba kikikatizwa, chembe za saratani zilizobaki hupata nafasi ya kuzaana upya, na matokeo huharibika. Mwezi Novemba 2023 mvua za El Nino zilikata barabara ya Garissa, na masika ya 2024 yakarudia. Mgonjwa aliyekuja nyumbani kwa mwisho wa wiki na kukuta maji yamefunika njia Jumapili jioni, hapotezi siku moja tu.

Tusiseme kwamba mitambo yenyewe haiwezi kusimama. Jirani zetu wa Uganda walikuwa na mtambo mmoja tu wa mionzi Mulago, ukaharibika mwaka 2016, na hadi mwanzoni mwa 2018 hapakuwa na mwingine nchini. Nairobi nako wagonjwa wa Kenyatta wameonja kadhia ya mashine kuharibika. Kuwa na Mombasa na Garissa kwa pamoja kunampa mtu wa Tana River njia ya pili, mradi hospitali hizo mbili ziwe zimekubaliana namna ya kupokeana wagonjwa katikati ya tiba. Uingereza, kwa upande wao, wamekuwa wakichunguza kama uvimbe mdogo unaweza kutibiwa kwa mionzi 23 badala ya 28. Kule ni suala la kupunguza madhara. Kwetu ingekuwa pia wiki moja ya kodi ya chumba.

Kuna upande mwingine wa habari hii ambao hufanya watu wanyamaze zaidi. Takriban visa tisa kati ya kumi vya saratani hii husababishwa na virusi vya HPV, vile vile vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Virusi hivi huenea kwa kujamiiana, na vimeenea kiasi kwamba watu wengi huvipata wakati fulani maishani bila kujua. Wanaokabiliwa na hatari zaidi ni wanaoishi na virusi vya ukimwi, wanaume wanaojamiiana na wanaume, wanawake waliowahi kuwa na saratani au dalili za awali za saratani ya mlango wa kizazi, waliopandikizwa viungo, na wavutaji wa sigara.

Kwa sababu ya orodha hiyo, mgonjwa huogopa kuhukumiwa kabla ya kutibiwa. Ukweli ni kwamba kwa jumla ugonjwa huu huwapata wanawake wengi kuliko wanaume. Mwigizaji wa Marekani Farrah Fawcett alifariki kutokana nao mwaka 2009 baada ya kuruhusu ugonjwa wake uonyeshwe kwenye televisheni. Marcia Cross, mwigizaji mwenzake, alijitokeza miaka kumi baadaye kusema ameugua na amepona, akitaka hasa kuondoa aibu. Hapa kwetu aliyekuwa mbunge wa Kibra, Ken Okoth, alitangaza kwamba anaugua saratani ya utumbo mpana na puru kabla ya kufariki Julai 2019. Ilikuwa saratani ya aina nyingine, lakini ni vigumu kukumbuka kiongozi mwingine wa Kenya aliyewazungumzia wananchi kuhusu sehemu hiyo ya mwili bila kuzungukazunguka.

Kenya ina zaidi ya watu milioni 1.3 wanaoishi na virusi vya ukimwi. Dawa zimewapa maisha marefu, na kwa maisha marefu huja saratani ambazo zamani hazikupata muda wa kuwafikia. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kuwatibu watu hao mabadiliko ya awali katika njia ya haja kubwa, kabla hayajawa saratani, kulipunguza hatari kwa asilimia 57. Vifaa vya uchunguzi wa namna hiyo havitafika Garsen kesho. Lakini kliniki za ukimwi tayari zipo, wagonjwa huhudhuria kwa tarehe, na swali moja kuhusu damu pamoja na kipimo cha kidole mara moja kwa mwaka havihitaji bajeti mpya. Vivyo hivyo kwa wanawake wanaochunguzwa mlango wa kizazi.

Chanjo nayo ilizinduliwa Mombasa Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka kumi. Inatajwa kama chanjo ya mlango wa kizazi, na wengi hawajui kwamba inakinga njia ya haja kubwa pia. Shida yake kwa Tana River ni kwamba mpango huo hutegemea sana shule, na msichana aliye malishoni na mifugo ya babake hayuko darasani siku wauguzi wanapokuja. Kauli ya Shirika la Afya Duniani ya Desemba 2022, kwamba dozi moja yaweza kutosha kwa wasichana, inawafaa wafugaji kuliko mtu yeyote, kwa kuwa familia inayohama haitafutwi mara mbili.

Serikali ya Kaunti ya Tana River haiwezi kujenga kituo cha mionzi Hola, wala haipaswi kujaribu. Kaunti yenye watu 315,943 kwa hesabu ya 2019 haina wagonjwa wa kutosha kuushughulisha mtambo huo, wala wataalamu wa kuuendesha. Inachoweza ni kukodi nyumba Mombasa na nyingine Garissa, za vyumba vichache, kwa wagonjwa wake wa saratani zote na wanaowauguza. Mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi naye huhitaji wiki kama hizo hizo za mionzi, kwa hivyo vyumba havitakosa watu. Fedha za nyumba mbili ni kidogo ukilinganisha na za magari ya kaunti, na wawakilishi wa wadi za Garsen wana nafasi ya kulidai jambo hili kila bajeti inapojadiliwa.

Wahudumu wa afya ya jamii waliozinduliwa nchini kote Septemba 2023, kila mmoja na mkoba wake, hupita nyumba hadi nyumba. Wanaulizia shinikizo la damu na sukari. Wakiongeza swali la damu chooni, na wakaelekezwa kwamba mtu aliyetumia dawa ya bawasiri kwa mwezi mmoja bila nafuu apelekwe Ngao au Hola akapimwe, miezi mingi ya kimya itaokolewa. Zamu za wahudumu wa kike zikipangwa na kutangazwa, itakuwa bora zaidi.

Kuhusu tarehe za tiba, madaktari wa Mombasa na Garissa wangefanya vyema kumuuliza mgonjwa wa delta anakaa upande upi wa mto kabla ya kumwandikia siku ya kuanza. Anayeanza katikati ya Aprili atamaliza mwishoni mwa Mei, masika yote yakiwa juu yake, na kama hana mahali pa kulala mjini ni heri suala la chumba litatuliwe siku hiyo hiyo, kabla mtambo haujawashwa.